Usiizike Talanta ya Mwenzako



Tukitaja magomvi ya ndoa, wengi wetu hufikiria fedha, ulevi, wakwe na uzinzi. Leo nataka tuzungumze juu ya ugomvi mwingine usio na kelele. Unaweza kukaa ndani ya nyumba ya Kikristu miaka kumi, watu wanasali rozari pamoja kila jioni, na hakuna anayeuona. Nao ni huu: mmoja anatumia vipaji alivyopewa na Mungu, na mwenzake ndiye anayevilipia.

Swali letu ni hili. Mungu akimpa mume au mke kipaji, kipaji hicho ni cha nani? Ni chake mwenyewe? Ni cha parokia? Au ni cha nyumba nzima? Jibu si rahisi kama linavyoonekana, na mimi nilijifunza kwa kukosea.

Talanta ilikuwa mali nyingi

Tuanze na mfano tunaoujua sote, ule wa Mathayo 25:14-30. Bwana mmoja alipotaka kusafiri aliwakabidhi watumishi wake mali yake. Mmoja alipewa talanta tano, wa pili mbili, wa tatu moja. Wawili wa kwanza walifanya biashara nazo zikaongezeka. Wa tatu alichimba shimo akaifukia yake, na bwana aliporudi akamrudishia vile vile kama ilivyokuwa.

Siku hizi tukisikia neno talanta tunafikiria kuimba vizuri au kucheza mpira. Zamani zile talanta ilikuwa kipimo cha fedha. Wataalamu wa Maandiko huihesabu kuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 20 kuipata talanta moja. Kwa hiyo hata yule mtumishi wa tatu hakupewa kidogo. Alikabidhiwa jasho la miaka mingi.

Tumezoea kuhubiri tukisema, usiifukie talanta yako. Mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo vijana wa Kipaimara mara nyingi. Lakini katika ndoa kuna dhambi nyingine iliyo karibu sana na hiyo, nayo ni mtu kuifukia talanta ya mwenzake huku yake ameishika mkononi akiwaonyesha watu.

Yaliyonipata mimi

Mimi ni katekista. Tunakaa hapa Bondeni, vyumba viwili vya kupanga, mlango unaangalia kichochoro. Kwa miaka mingi juma langu lilikuwa hivi: Jumanne jioni wakatekumeni, Alhamisi jumuiya, Jumamosi watoto wa Komunyo ya Kwanza, Jumapili Misa na baada yake mikutano mpaka alasiri. Mchana nina kibarua changu. Watu walinisifu. Walisema, "Katekista wetu hachoki."

Na kweli sikuchoka, kwa sababu aliyechoka alikuwa mke wangu. Yeye huamka saa kumi za usiku akakanda unga na kukaanga mahamri ya kuuza asubuhi pamoja na mbaazi. Maji yakikatika mjini, ni yeye anayemngojea mtu wa mkokoteni na mitungi. Watoto wanne, kazi zao za shule, homa zao za usiku, wageni wa Katekista wanaokuja bila habari, yote yalikuwa juu yake. Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliuona mzigo wake mwepesi kwa sababu sikuwahi kuubeba.

Jioni moja nilishikwa na malaria. Ukumbi wa parokia ulikuwa na shughuli nyingine, hivyo wakatekumeni saba walikuwa wamekuja kwetu nyumbani. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, natetemeka. Mke wangu hakutaka kuwarudisha watu waliotoka kazini wakaja kwa miguu. Akaketi nao. Somo lilikuwa Ekaristi Takatifu.

Aliwauliza ni nani kati yao aliyekula chakula cha mchana siku ile bila mtu yeyote kuchoka kwa ajili yake. Wakanyamaza. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuwataja: mama aliyepika, mvuvi, kijana wa mkokoteni, mkulima ambaye hawamjui. Kutoka hapo akawapeleka polepole mpaka kwa Yule ambaye hakuchoka tu kwa ajili yetu, bali alijitoa Mwenyewe awe chakula. Mzee mmoja, mlinzi wa usiku, ambaye nilikuwa nimemfundisha miezi mitano bila kujua kama anaelewa, alisema: "Mama, leo nimefahamu."

Ningependa kuwaambia kwamba pale nyuma ya pazia nilimshukuru Mungu. Sikumshukuru. Niliona wivu.

Baada ya juma moja paroko alikuwa amesikia habari zile. Akaniuliza kama mama angeweza kupelekwa kwenye mafunzo ya makatekista, maana parokia ilihitaji mtu wa pili. Nikamjibu, "Padre, mama ana kazi nyingi sana nyumbani."

Angalieni jibu hilo, ndugu zangu. Lilikuwa kweli, hakuna neno moja la uongo ndani yake. Lakini kazi zile zilikuwa nyingi kwa sababu nusu yake zilikuwa zangu, nami nilikuwa nimemwachia. Nilichukua dhuluma yangu mwenyewe nikaifanya udhuru, tena udhuru wa heshima, kana kwamba namwonea huruma.

Miaka minne ikapita. Siku moja nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto ndani ya kasha, chini ya khanga zake nikakuta daftari. Ndani yake mlikuwa na masomo ya watoto yaliyoandikwa kwa penseli, mengine na picha ndogo alizochora: kondoo, mashua, mikate mitano. Somo la mwisho lilikatikia katikati. Nilipomwuliza mbona hakuendelea, alinijibu bila hasira: "Nilisikia ulivyomjibu Padre." Akaenda kuwasha jiko.

Ile ndiyo talanta iliyofukiwa. Aliyeshika jembe nilikuwa mimi.

Udhuru tunaojipa

Tangu siku ile nimeyapima sana maneno ambayo sisi wanaume hujitetea nayo, nami nataka tuyaangalie kwa haki, maana mengine yana ukweli ndani yake.

Neno la kwanza: "Karama ni kwa ajili ya Kanisa, kwa hiyo nyumba ivumilie." Ni kweli kwamba Mtume Paulo anafundisha katika 1 Wakorintho 12 kwamba Roho hutoa karama kwa faida ya wote. Lakini "wote" wanaanzia wapi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, unaiita familia kanisa la nyumbani. Basi mwamini wa kwanza wa kanisa langu ni huyu ninayelala naye kitanda kimoja. Nikiwahudumia waamini mia tano na kumsahau huyu mmoja, nimeruka ngazi ya kwanza, na arukaye ngazi ya kwanza huanguka.

Neno la pili: "Kipaji cha mwanamke ni nyumba yake." Hapa tuwe waangalifu. Wako akina mama wenye karama kubwa ya kuitengeneza nyumba hata kila aingiaye anapata amani, na karama hiyo isidharauliwe hata kidogo. Lakini tusichanganye karama na wajibu. Kufua, kupika, kuogesha watoto ni wajibu wa nyumba, na nyumba ina watu wawili. Karama haigawiwi kwa kuangalia huyu ni mume au huyu ni mke. Mtume Paulo anasema Roho humgawia kila mtu kama apendavyo Yeye. Mtaguso huo huo, katika hati ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, unafundisha kwamba kila mwamini aliyepewa karama, hata iwe ya kawaida, ana haki na wajibu wa kuitumia. Kama ni wajibu wake mbele ya Mungu, mimi ni nani hata nimzuie? Tena mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa, kwa walei wanaume na wanawake pia. Nilipoisikia habari ile nililikumbuka daftari.

Neno la tatu: "Mume ni kichwa." Ndiyo, tunasoma hivyo kwa Waefeso 5. Lakini soma mbele kidogo. Mume anaambiwa ampende mkewe jinsi Kristu alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Kristu kichwa hakulinyima Kanisa pumzi. Alilipulizia Roho wake. Kichwa kinachoukaba mwili wake chenyewe hakitaishi.

Kisha kuna neno jingine la Mtume Paulo ambalo hatulipendi sana. Katika 1 Wakorintho 7:4 anafundisha kwamba mume hana mamlaka peke yake juu ya mwili wake mwenyewe, mke anayo. Na mke vivyo hivyo. Sasa, ikiwa hata mwili wangu si wangu peke yangu, itakuwaje kipaji changu kiwe changu peke yangu? Na kipaji cha mke wangu nacho kimewekwa kwangu kama amana. Kwa hiyo naamini kwamba siku ya hesabu hatutaulizwa tu, "Ulifanya nini na talanta yako?" Sisi wana ndoa tutaulizwa na la pili: "Yule niliyekupa, talanta yake iko wapi?"

Mashahidi wa jambo hili

Msifikiri haya ni mawazo mapya ya mjini. Katika Matendo ya Mitume 18 tunakutana na Akila na Priska, mume na mke, mafundi wa kushona mahema. Walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine, wakaja Korintho, wakampokea Paulo nyumbani na kazini. Apolo alipokuja, mtu msomi na msemaji hodari, ni hao wawili waliomchukua kando wakamfafanulia Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Maandiko hayasemi kwamba mume alifundisha na mke akapika. Yanasema wote wawili. Nyumba yao ikawa mahali pa Kanisa kukutana. Nao hutajwa mara sita katika Agano Jipya, na hakuna hata mara moja anapotajwa mmoja bila mwingine. Mara nyingine jina la mume hutangulia, mara nyingine la mke, na hakuna dalili kwamba waligombea nani atangulie.

Mfano wa pili uko karibu na nyakati zetu. Luis na Zelia Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, walioana mwaka 1858 katika mji wa Alençon, Ufaransa. Luis alikuwa fundi wa saa mwenye duka lake. Zelia alikuwa na kipaji cha kutengeneza kitambaa cha lesi ambacho mji ule ulisifika nacho, na kazi yake ikakua kuliko ya mumewe. Luis alifanya nini? Mwaka 1870 aliliuza duka lake la saa, akashirikiana na mkewe katika kazi yake. Mwanamume wa karne ile! Wala tusidhani maisha yao yalikuwa laini: kati ya watoto tisa walizika wanne, na Zelia mwenyewe alifariki mwaka 1877 kwa saratani. Tarehe 18 Oktoba 2015 Kanisa liliwatangaza wote wawili watakatifu kwa siku moja, mume na mke pamoja.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki tunao Mashahidi wa Uganda. Mapadre walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882 na kukaa mbali mpaka 1885, imani haikufa, kwa sababu walei walikuwa wameikamata. Huko Mityana walikuwako Matia Mulumba, mtu wa cheo, Luka Banabakintu, na Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Matia kabla ya Ubatizo alikuwa na wake wengi, akabaki na mmoja kwa ajili ya Kristu. Mapadre waliporudi, watu wa Mityana walitembea zaidi ya kilomita 60 kuwafikia, wakarudi kuwafundisha wenzao. Kila mmoja alitoa alichonacho, mwenye cheo na mwenye udongo mikononi. Wote watatu waliuawa mwaka 1886, na mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu. Nani angethubutu kumwambia Noa kwamba mfinyanzi hana kipaji cha kulifaa Kanisa?

Akina mama nao wajichunguze

Nimewasema wanaume, nikianza na mimi. Lakini haki ni haki, nao akina mama wanaweza kushika jembe hilo hilo.

Namfahamu bwana mmoja, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Katika jumuiya hazungumzi. Akiombwa asome somo, anatoka jasho. Mkewe ni msemaji, kiongozi, anajulikana parokia nzima, naye alizoea kumwambia mbele za watu, "Huyu wangu kanisani huja kujaza kiti tu." Watu wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Polepole akaacha kuja kwenye jumuiya. Walimdhani amepoa imani.

Wakati huo alikuwa akitengeneza mlango wa mjane mmoja wa kichochoro cha pili, mama Mwislamu, bila kulipwa, na mbao zake mwenyewe. Mabenchi yaliyovunjika ya watoto wa katekesimu alikuwa akiyachukua usiku na kuyarudisha yamepigwa misumari upya. Hakumwambia mtu. Mkewe aliijua habari ya mlango kwa mjane mwenyewe, aliyekuja kushukuru na sahani ya viazi karai. Mama huyo alinieleza kwamba aliona aibu usiku ule hata akashindwa kula. Alikuwa amekaa miaka kumi na tano na mtu mwenye mikono ya Mtakatifu Yosefu, akitafuta ulimi ambao hakupewa.

Kisha kuna kosa jingine, nalo halichagui mume wala mke. Ni kuitumia parokia kama mahali pa kukimbilia. Mtu ana ugomvi nyumbani ambao hataki kuumaliza, basi anajiandikisha kwaya, halmashauri, chama cha kitume, kamati ya mazishi, kamati ya mavuno. Kila jioni yuko kanisani, na kila mtu anamwona mcha Mungu. Mwenzake hawezi kulalamika, maana atamlalamikia nani? Atasema anamwonea wivu Mungu? Huyo anayekimbia haitumii karama yake. Anajificha nyuma yake. Bwana Yesu alituambia katika Mathayo 5 kwamba ukiwa na sadaka mbele ya altare ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza ukapatane naye. Sidhani kwamba mume au mke wako hayumo katika neno "ndugu."

Sisi viongozi wa parokia nasi tusijitoe lawamani. Tukimwona mtu mwenye moyo, tunamrundikia kazi tano, kisha tunashangaa ndoa yake inapotetereka. Maaskofu wa AMECEA waliposisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo miaka ya 1973 na 1976, nia ilikuwa kila mwamini apate nafasi katika kundi dogo wanapojuana. Hawakutaka mtu mmoja afanye yote na wengine ishirini waketi. Na tukumbuke hali ya watu wetu. Mtu anayefanya kazi ya zamu bandarini, au anayengoja kibarua cha siku ndipo watoto wale, saa yake moja ni mkate. Tumshukuru kwa saa hiyo moja, tusimdai tatu.

Basi tufanyeje?

Baada ya daftari lile nilikwenda kuungama. Nilieleza yote kwa maneno mazuri ya kikatekista. Padre alisikiliza, kisha akaniuliza: "Na Jumanne ijayo, nani atapika?"

Kwa hiyo nawapa mambo manne, na yote ni ya vitendo.

Kwanza, ulizaneni. Wana ndoa wengi hawajawahi kuulizana, "Wewe Mungu amekupa nini?" Usijibu kwa niaba ya mwenzako. Mara nyingi mwenye kipaji mwenyewe hakioni, kwa hiyo ni kazi ya mwenziwe kumwambia. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Wewe uliyemvika pete, je, unajua wema wa chanda hicho?

Pili, hesabuni saa. Chukueni karatasi, mwandike saa za juma zima: nani yuko wapi, nani anafanya nini. Sisi tulifanya hivyo. Nilikuta mke wangu alikuwa na saa mbili tu za kwake kwa juma, nazo zilikuwa saa za Misa.

Tatu, mpeane majira. Kuna wakati kipaji kinangoja: mtoto mchanga, mzazi mgonjwa, kazi imepotea. Kungoja si kufukia, lakini kuna tofauti inayopaswa kuonekana. Kungoja wote wawili wamekubaliana, na kuna siku mnaitazamia. Kufukia mmoja ameamua, na hakuna siku. Na kama mmoja amemngojea mwenzake mwaka huu, mwaka mwingine zamu igeuke.

Nne, kubali kipaji cha mwenzako kiwe kikubwa kuliko chako. Hili ndilo gumu kuliko yote. Yohane Mbatizaji alikubali apungue ili Mwingine azidi. Ukiona wivu, usijifanye huna. Mwambie Mungu waziwazi, halafu chukua ufagio.

Sasa Jumanne napika mimi, na mke wangu anafundisha wakatekumeni. Mwanzoni barazani walinicheka. Walisema Katekista amekaliwa. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea akanikuta nakuna nazi, alikaa kimya mpaka jioni, na mimi niliijua maana ya kimya kile. Mchuzi wangu bado watoto wanaulalamikia. Lakini mzee yule mlinzi alibatizwa, na alipoulizwa ni nani aliyemfundisha, alimtaja mama, nami nilikuwa nimesimama karibu. Safari hii niliweza kufurahi, si kwa asilimia mia, lakini niliweza.

Sitaki mfikiri kwamba yote yamelipwa. Ile miaka minne haikurudi. Yale mafunzo alihudhuria akiwa amechoka zaidi kuliko ambavyo angekuwa zamani. Jioni moja nilimwomba msamaha, kwa maneno niliyoyapanga vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Baba watoto, mimi sikungojea uniombe msamaha. Nilingojea unishikie mtoto."

Ndugu wana ndoa, shimo alilolichimba mtumishi wa tatu lilikuwa ardhini. Yetu tunayachimba jikoni, kitandani na mbele ya watu kwa mzaha mmoja. Tofauti ni kwamba Bwana wetu bado hajarudi. Talanta iliyofukiwa leo inaweza kufukuliwa leo.

Ya kuzungumza wawili, baada ya watoto kulala:

1. Ni kipaji gani nilichokiona kwako tulipokuwa wachumba, ambacho siku hizi sikioni? Kimekwenda wapi?

2. Ninapokwenda kuhudumu parokiani, ni nani anayefanya kazi zangu, na je, nimewahi kumshukuru?

3. Je, kuna jibu nililolitoa kwa niaba yako bila kukuuliza?

4. Juma hili, ni kazi gani moja nitakayoichukua mimi ili wewe upate saa moja?

Malizeni kwa sala fupi ya maneno yenu wenyewe, kila mmoja akimshukuru Mungu kwa kipaji kimoja cha mwenzake, akikitaja kwa jina.

Mungu azibariki nyumba zenu.

Ndugu yenu katika Kristu,
Katekista, Bondeni, Mombasa